Ulimi wa Mama Sabuni

Mtaa mzima ulijua kwamba Mama Sabuni hapimi, anaonja. Kabla ya kutia mafuta sufuriani, huchota kijiko cha maji ya majivu, yale yanayogeuza mafuta kuwa sabuni, akayazungusha kidogo mdomoni, kisha akatema, puu! Yakimwasha sawasawa, husema, "Yameiva." Alifundishwa hivyo na mama yake, naye na mama yake, na sabuni yao haikuwahi kumchubua mtu. "Ulimi wangu ndio mzani wangu," alijigamba, na nani angembishia?

Binti yake ndiye aliyembishia. Walimwita Mdadisi kwa maswali yake.

"Mama, kwani yanawasha kwa nini?"

"Yanawasha kwa sababu yanawasha! Koroga, mwanangu, sabuni haiivi kwa maswali."

Kisha tanuri la mikate lililowapa majivu likahamia kwenye gesi. Mwenye duka akamletea mama vipande vyeupe vya kostiki, magadi makali ya kiwandani. "Kazi ni ileile, dada, tena chapuchapu." Mama akaviyeyusha kwenye ndoo, akangoja maji yapoe. Yakatulia, yakateleza vidoleni kama yale ya siku zote. Akachota kijiko. Jamani, mazoea! Mdadisi alikuwa akipanga vipande vya sabuni aliposikia kijiko kikianguka. Ule moto ulimshtua mama, akavuta pumzi, na badala ya kutema akameza.

Hospitalini daktari aliuliza taratibu, "Aliamua mwenyewe kuyanywa?"

Mjomba akainamisha kichwa. "Tangu afiwe na mumewe hana raha," akanong'ona.

"Alikuwa anaonja!" Mdadisi akapiga kelele. "Huonja kila siku!"

Loo, nani ataonja kostiki? Watu wazima wakatazamana juu ya kichwa chake. Mama akatikisa kichwa kukataa, lakini hata waliojaribu kujiua hukataa vivyo hivyo. Na kinywa cha kujitetea ndicho kilichoungua.

Alirudi nyumbani koo limesinyaa. Maziwa yalipita kwa tone, au hayakupita kabisa. Alikonda akabaki macho. Daktari alisema wazi kwamba hatadumu. Majirani waliacha kuja, na waliokuja walimsihi atubu dhambi yake kabla hajakata roho. Hilo ndilo lililomchoma Mdadisi kuliko lolote: mama anakufa, tena anakufa na jina la mtu aliyejiua.

Shuleni kwa Mdadisi wanafunzi wakatakiwa kuchagua masomo.

"Chukua uhasibu, mpwa wangu," mjomba akamshauri. "Uhasibu unalipa."

"Nachukua kemia."

"Kemia! Balaa lililomla mama yako, unalifuata tena?"

"Nalifuata, mjomba. Nina swali nalo."

Siku ya kwanza maabarani, mwalimu alisimama mbele yao akasema, "Sheria ya kwanza: humu haonji mtu kitu." Darasa zima likaangua kicheko. "Nani mwehu wa kuonja?" mmoja akauliza.

Mdadisi akasimama. "Mama yangu."

Mwalimu hakucheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, na tangu msiba ule uanze hakuna mwingine aliyekuwa amefanya hivyo. Kisha akampa karatasi chache za njano za kupimia ukali wa maji kama yale, akamweleza kwamba kadiri rangi inavyokolea ndivyo maji yanavyounguza.

Alifika nyumbani akihema. Akaweka vikombe viwili kando ya kitanda cha mama: kimoja maji ya majivu ya jikoni, kingine yale ya ndoo, ambayo hakuna aliyethubutu kuyamwaga. Akamwita mjomba, akachovya karatasi moja katika kila kikombe. Karatasi ya kwanza ikageuka buluu. Ya pili ikawa zambarau iliyokolea, karibu nyeusi.

"Tazama, mjomba. Kwa macho ni maji yaleyale. Kwa vidole ni yaleyale. Angejuaje?"

Mjomba akatazama kikombe, akatazama kingine. Akaketi sakafuni kama mzigo uliotuliwa. "Dada," akasema, "nisamehe, dada yangu. Nilikudhania vibaya."

Mama akanyoosha mkono wake mkavu, akaichukua ile karatasi ya zambarau. Aliigeuza huku na huku. Sauti ilimtoka kwa mkwaruzo, neno baada ya neno.

"Kumbe mzani... ni karatasi hii tu?"

"Ni hii tu, mama," akajibu Mdadisi, akaangua kilio.