Gia ya Tatu Iliyonyamaza

Mzunguko wa kumi na tisa, gia ya tatu ikanyamaza. Sikuona kitu, nilisikia. Gari la mke wangu lilitoka kona ya bwawa likilia kwa gia ya pili, likalia, likalia, halafu badala ya kuingia ya tatu likarukia ya nne na kukoroma chini kabisa, kama mtu aliyeamshwa hajashiba usingizi.

"Imekwenda," nikamwambia Kipara, mtu wetu wa matairi.

"Nini?"

"Ya tatu. Kile chuma nilichochomelea."

Kipara akashika kichwa ambacho hakikuwa na unywele wa kushika. "Basi shemeji kwisha habari yake."

Kile chuma ni uma mdogo unaosukuma gia mahali pake. Nilimwomba Mkurugenzi wa timu kingine kipya mara tatu, na mara tatu akanijibu, "Chomelea." Gari jipya, lililokuja na nailoni bado kwenye viti, alipewa mpwa wake. Mke wangu, mtunza stoo ya vipuri siku sita na dereva siku ya saba, akaachiwa lile kuukuu. Mkurugenzi alikuwa na imani yake: linaloshinda ni gari, dereva ni abiria aliyekaa mbele.

"Basi mfunge mbuzi kwenye usukani, mzee, tuone," mke wangu alimjibu, karakana nzima ikisikia.

Watu walicheka mpaka spana zikaanguka. Mkurugenzi, kwa kuona haya, akatamka mbele ya mashahidi: atakayemtangulia mwenzake Jumapili, kiti cha udereva ni chake msimu mzima. Mke wangu akishinda, stoo ataiaga. Wiki ile hakulala. Alikuwa anaendesha hata akiwa jikoni, mguu ukikanyaga klachi isiyokuwapo.

Sasa ilibaki mizunguko kumi na mmoja, na mpwa alikuwa mbele kwa sekunde tisa.

Mvua ikatufikia. Si ya kunyesha, ya kumwagwa. Lami ikang'aa kama ngozi ya samaki.

"Saba," Kipara akasoma saa yake.

"Saa yako imelowa."

"Imelowa saa, macho je? Sita na nusu!"

Nikapanda juu ya matairi kutazama kona ya bwawa. Mpwa alifika, akatia ya tatu, akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, maji yakaruka, gari likatikisa makalio kama bata. Nyuma yake likaja kuukuu letu kwa gia ya nne, zito, limeinamisha pua, magurudumu yameng'ata lami. Halikutikisika hata kidogo. Hapo nikaelewa. Gia ya nne haina nguvu za kuyazungusha magurudumu ovyo kwenye utelezi. Chuma changu kilichokatika kilikuwa kinatubeba!

Nne. Mbili. Moja. Kipara akaacha kuhesabu, akawa anapiga mayowe tu. Mzunguko wa mwisho walitokea bwawani pua kwa pua, mpwa akiyumba, mke wangu amenyooka kama uzi wa fundi cherehani. Akalipita gari la mpwa mstarini kwa urefu wa boneti. Niliruka, mtu mzima, nikaangukia dimbwi, nikainuka nikaruka tena.

Mkurugenzi alikuja amefunikwa mwavuli na mtu mwingine. Hakuwa na hasira. Alinishika bega.

"Fundi, wewe ndiye unayelijua gari hili. Leo ni yeye, au ni gari?"

Mimi niliishia darasa la nne. Hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza kitu kisha akanyamaza kungoja jibu. Kifua kikanijaa.

"Ni gari, mzee," nikasema. Nikamweleza yote, ya tatu ilivyokatika, ya nne ilivyong'ata, mpaka pembe ya uma niliyoinoa kwa tupa.

Mke wangu alikuwa ameshashuka, helmeti kwapani, anatweta na kucheka. Aliposikia, kicheko kikapungua.

"Mmemsikia fundi," Mkurugenzi akawaambia wenzake wa kikao.

Kiti akapewa mpwa. Na kuukuu nalo akapewa yeye, la siku za mvua.

Jumatatu asubuhi nilifungua giaboksi nitoe kile chuma. Kilikuwa kizima. Mshono wangu ulikuwa pale pale, haujapata hata ufa. Nikasukuma ya tatu kwa kidole, ikaingia bila kulalamika.

Nilikwenda dirisha la stoo na mikono yangu ya grisi.

"Ya tatu ni nzima."

"Najua."

"Uliiruka makusudi?"

"Kule bwawani ilishaanza kunyesha, baba. Ninyi mlikuwa bado pakavu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliulizwa wewe."

Nikapanda ngazi za ofisi mbili mbili. Mkurugenzi hakuinua macho. "Uamuzi ni wa kikao, fundi. Na kikao kilikusikiliza wewe."

Mke wangu alikaa stoo ile miaka kumi na mitano, mpaka maradhi yalipomtoa. Ana miaka minne kaburini. Wakubwa ndio waliomfungia stoo, hilo nalisema popote, na Mkurugenzi simsamehei ng'o. Mtu mwenye macho mawili anahitaji fundi wa kumwambia alichokiona? Watu hunisikiliza, wakatikisa kichwa, wakasema kweli wakubwa ni wabaya. Huwa siwasimulii yale ya chini ya mwavuli.

Siku ile niliposhuka ofisini nilipita tena dirishani. Hakuniuliza nimejibiwa nini. Alikuwa ameshatoa gasketi mpya ya kufungia giaboksi, ameiweka kaunta, maana mpwa alikuwa anakuja mchana kulijaribu gari.

"Shika," akasema. "Uikaze vizuri, isije ikavuja."

Nikaenda, nikaikaza.