Mashine Inayoegemewa

...na hata shikamoo yake imepigwa pasi, imenyooka, haina kunyanzi hata moja, marahaba baba, kaa hapo kwenye benchi, na mkwe akakaa, trei ya mayai mapajani, ila Mama Pasi mwenyewe hakukaa, angekaaje, mashine ya kufulia ndiyo kwanza imeanza kukamua na blanketi la mteja limejikunja upande mmoja wa pipa, limekuwa donge, basi ni dugudugu, dugudugu, mashine inataka kutembea, akaiwekea nyonga kama alivyoiwekea miaka yote, maana kuizima na kulipanga blanketi upya ni kazi, kuegemea si kazi, kuegemea ni mazoea, na nyonga ikiuma usiku hiyo ni shauri yake nyonga... "Mama, nimekuja kumchukua mwenzangu," mkwe anasema, "hasira zimekwisha, mimi na yeye tumeshayamaliza," tumeshayamaliza na nani, mbona mwenzako yuko pale mezani anakunja shuka ileile kwa mara ya tatu, mwalimu mzima wa fizikia, kaja jana jioni na begi moja, na leo kwenye joto hili la pasi kavaa mikono mirefu kama anayeogopa mbu... asubuhi alipokuwa ananawa uso mkono wa gauni ukapanda, na mama yake akaona, nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, alama ya kuungua, pembe iliyochongoka, nyekundu, "Sufuria, mama," sufuria! sufuria lina ncha tangu lini, mtu aliyezeeka na pasi mkononi utamdanganya kwa sufuria, na anayejiunguza mwenyewe huungua kiganja, huungua kifundo, haungui nyuma ya mkono, huko mkono wako mwenyewe haufiki na pasi, huko unafika mkono wa mwingine... "Mama unanisikia?" nakusikia baba, ni kelele za mashine, endelea... na mara ya kwanza alikuja na kitenge, mara ya pili feni, leo mayai, kesho kutwa ataleta chumvi, zawadi zinashuka kama bembea iliyoachwa na watoto, huyu binti ndiye aliyemweleza hayo, enzi hizo bado ni mwanafunzi, kitabu kimelowa povu, bembea isiposukumwa, mama, hupungua, hupungua, mpaka inasimama yenyewe, na hii ya binti haisimami, inakwenda inarudi, analia anarudi, anacheka anaondoka, kwa hiyo yuko anayeisukuma, nani sasa, mkwe? mkwe anaomba tu, mkwe hana ubavu huo... rudi mwanangu, ndoa ni kuvumilia, nani aliyesema hivyo siku ya kitenge, nani aliyerudia siku ya feni, tena feni lenyewe liko hapo juu linampepea, lo!... "Mwambie wewe, mama, wewe anakusikiliza," anatabasamu, jino jeupe, mpole kweli, kapoa, hapana, hajapoa, kazimwa, hayo mambo mawili wasichana wa kazi huyachanganya kila siku, wanachomoa waya wanaiona pasi imetulia, taa imezimika, wanaiweka juu ya hariri ya watu, halafu vilio, pasi iliyozimwa bado ina moto wake tumboni, na moto hauulizi, unakwenda kwa kilicho baridi kuliko wenyewe... dugudugu, dugudugu, mashine inamtikisa mpaka meno, na binti kakunja shuka mara ya nne, hamtazami mume, anamtazama mama yake nyonga, siku ile ya kitabu na povu pia aliitazama mashine hivyohivyo, akasema, maji hayatupwi na mtu, mama, kila kinachozunguka kimeshikwa, nguo zimeshikwa na ukuta wa pipa, unazirudisha kati, unazirudisha kati, lakini maji yakikuta tundu hayazunguki tena, yananyooka moja kwa moja kwenda zake, na Mama Pasi alicheka, ada yote ile kuja kunieleza kwamba maji hutokea tunduni, alicheka, na ukuta ni nani, tundu liko wapi, hakuuliza... "Basi mama, tuage?" anasema mkwe, na binti kaweka shuka chini, anangoja, si mume anayemngoja, anangoja lile neno la kuvumilia, linajulikana, liko tayari kwenye ulimi wa mama yake kama mate, na Mama Pasi akalimeza, akavuta pumzi, akabandua nyonga. Mashine ikaruka, ikatua, ikapiga hatua ya kwanza kuelekea benchi, ikapiga ya pili, mayai yakagongana kwenye trei. "Mama! Mama, mashine inakuja!" "Naiona, baba," alisema, mikono kiunoni, blanketi likizidi kupiga ukuta, feni likiendelea kupepea, "naiona," na hakuirudishia nyonga.