Kifuniko cha Mwisho

Lorine alipotoa mkono mkobani na kufungua kiganja, kifuniko cha soda kilikuwa chekundu. Hakuna aliyepiga makofi. Hata mwenye redio kwenye kibanda cha jirani ni kana kwamba aliipunguza sauti makusudi.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Mei, katika soko la Otonglo, chini ya banda la wauza samaki. Wanawake wa kikundi chao walikuwa kumi na wawili, na banda lenyewe lilikuwa na meza nne tu. Wanane waliobaki waliuzia nje, juani, ambako kufikia saa tano samaki aina ya ngege huanza kulegea macho na mteja hupita akijifanya anaangalia simu. Kwa hiyo kila mwezi walichukua vifuniko. Kumi na viwili mkobani, vinne vimepakwa rangi nyekundu ya kucha. Unaingiza mkono bila kuangalia, unatoa kimoja, hukirudishi. Chekundu, meza. Kisicho na rangi, jua.

Lorine alikuwa amepata chekundu mwezi wa tatu, akapata mwezi wa nne, na sasa tena. Na mara zote tatu alichukua wa mwisho kabisa.

"Haya," alisema Naswa, akijifuta mikono kwenye leso polepole. Naswa alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. "Wa mwisho, makombo. Sisi sote tunajua wa mwisho hula makombo. Lakini huyu wetu kila mwezi anakula mnofu."

"Ni bahati tu," Lorine alisema.

"Bahati gani hiyo ina kalenda?"

Wachache walicheka, lakini si kicheko kizuri. Kisha macho yakamhama Lorine taratibu na kutua kwa Mama Adero, kwa sababu mkoba ulikuwa wake. Ndiye aliyeushona, ndiye aliyeushika kila mwezi, na tangu Lorine afiwe na mumewe alikuwa akiishi katika chumba cha nyuma nyumbani kwake.

"Sisemi neno juu ya mtu," Naswa akaendelea. "Nasema tukae Jumatano. Kama kuna mtu anatuchezea, atoke kikundini, akauzie kwingine. Mpaka hapo meza yake ikae tupu."

Walikubali haraka kuliko Adero alivyotarajia. Akaufunga mkoba kwa mafundo mawili, akaondoka bila kumtazama Lorine.

Njiani alijaribu kukumbuka mema. Lorine alimchotea maji wakati goti lilipovimba. Lorine humwachia supu ya kichwa cha samaki mbuta bila kusema ni ya nani, anaiweka tu mlangoni. Lakini shaka ikishaingia hata mema hugeuka sura. Kwa nini supu yote ile? Anataka nini kwangu? Adero aliona aibu kwa wazo hilo, na hakuliacha.

Alipofika nyumbani alikaa kwenye mkeka kibarazani, akamwaga vifuniko, akavipapasa macho yakiwa yamefungwa. Vile vyekundu vilikuwa na mikwaruzo pale rangi ilipokauka vibaya. Kidole kilivijua.

"Achola!" aliita. "Njoo uone mwizi alivyofanya."

Achola, mjukuu wake aliyekuwa kidato cha tatu, alitoka na daftari mkononi. Humwita Adero Dani, kama watoto wa Wajaluo wanavyowaita nyanya zao. Alisikiliza habari yote bila kuikatiza, akavipapasa vifuniko naye.

"Ni kweli, Dani. Vinajulikana kwa kidole. Lakini Lorine alichukua wa ngapi?"

"Wa mwisho. Kila mara wa mwisho."

"Na alipoingiza mkono vilibaki vingapi?"

Adero alivitazama vifuniko mkekani.

"Kimoja," Achola akajijibu. "Sasa alipapasa nini? Wa mwisho hachagui. Anachukua mlichomwachia. Mtu wa kupapasa ni wa kwanza, au wa pili." Akacheka kidogo. "Au wewe mwenye mkoba, Dani."

"Unicheke vizuri. Nao wanasema hivyo hivyo."

Achola hakucheka tena. Aliketi kwenye mkeka. "Tunasoma mambo haya haya sasa. Probabiliti. Uwezekano wa mambo mawili au matatu kutokea pamoja. Mwalimu anatuambia tuzidishe. Meza nne, watu kumi na wawili: kila mwezi una theluthi. Miezi mitatu ni theluthi mara theluthi mara theluthi." Akaandika. "Moja kati ya ishirini na saba."

"Ishirini na saba!" Adero alishika shavu. "Basi Naswa ana haki."

"Hiyo ni kama mngemtaja Lorine kabla ya kuanza. Mlimtaja?"

"Tungemtajaje?"

"Ndiyo. Mlingoja mwone ni nani, kisha mkamnyooshea kidole. Ninyi ni kumi na wawili, na kila mmoja ana moja yake kati ya ishirini na saba. Zidisha." Kalamu ikakwaruza. "Inakuwa nne ya tisa. Mkicheza miezi mitatu mitatu mara tisa, kwa wastani watatokea wanne wa namna ya Lorine. Mwaka huu ametokea mmoja."

Adero aliitazama ile namba kama mtu anayetazama dawa asiyoijua. Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita, na hesabu ya sehemu ilikuwa imemwacha njiani.

"Hiyo sawa," akasema, japo haikuwa sawa. "Lakini wa mwisho ana nafasi ndogo. Wenzake wamekwisha kuchukua vyekundu."

"Au wamekwisha kuchukua visivyo na rangi."

"Usinichezee maneno, nyathina, mwanangu."

"Basi tusiseme. Tucheze."

Achola alichukua vifuniko vitatu, kimoja chekundu, akavitia ndani ya kikombe. Walichora mahali patatu kwenye mkeka kwa chaki: wa kwanza, wa pili, wa mwisho. Adero, akitazama pembeni, alitoa kimoja kimoja na kukipanga. Kila mahali chekundu kilipoangukia waliweka punje ya mahindi, wakavirudisha vyote, wakaanza upya. Mara thelathini. Ugali ulichelewa, jirani mmoja akapita na kuuliza kama wanacheza bao.

Wa kwanza alikuwa na punje tisa. Wa pili kumi na moja. Wa mwisho kumi.

Adero alizihesabu mara mbili.

"Sasa angalia kwa nini," Achola alisema kwa upole, na hapo Adero aliona mtoto huyu atakuwa mwalimu. "Wa kwanza ana moja ya tatu. Wa mwisho ili apate, lazima wa kwanza akose, hiyo ni mbili ya tatu. Halafu wa pili akose, hiyo ni nusu. Mbili ya tatu mara nusu ni moja ya tatu. Ile ile. Anayeanza anabahatisha mapema, wa mwisho anabahatishiwa na wenzake. Lakini kipande ni kimoja."

Jambo jingine lilikuwa linamjia Adero, nalo halikuwa la hesabu. Miaka yote katika kikundi kile, kuchukua wa kwanza kulikuwa heshima. Walimpisha mgonjwa, mjamzito, mzee. Kila mmoja aliamini kwamba wa kwanza ndiye mwenye nafasi nono. Hata Lorine aliamini. Basi kwa nini mwizi mwenye akili akae mahali anapoamini hapana kitu?

Jumatano walikutana saa nane, wateja wakiwa wachache. Lorine alisimama karibu na nguzo, ndoo zake mbili miguuni, tayari kwa safari. Hakuwa ameweka samaki popote.

"Kabla hamjanyoosha mikono," Adero alisema, "tucheze kidogo. Naswa, chagua. Utachukua wa kwanza, wa pili au wa mwisho?"

"Mimi mjinga? Wa kwanza!"

"Khadijah, wewe wa pili. Mimi wa mwisho."

"Si kwa mkoba wako, Mama," Naswa akasema upesi. "Samahani. Lakini si kwa mkoba wako."

"Basi kwa kitu gani?"

Naswa alivua kilemba chake mwenyewe, akakikunja kama kiota. Vifuniko navyo akavichagua, vitatu vipya kutoka kwa muuza soda, akakipaka kimoja rangi ya kucha ya binti yake, akakipuliza mpaka kikauka laini. Aliwataka wote wafumbe macho wakichukua, na akamweka mwanamke wa kuziba macho ya Adero kwa viganja. Hakuna aliyelalamika. Walicheza mara thelathini, punje zikipangwa kwenye gunia.

Naswa alipata nane. Khadijah kumi na moja. Adero, wa mwisho, kumi na moja.

"Naswa mkono wa kwanza!" mmoja akapiga kelele. "Nenda kale makombo!"

Safari hii kicheko kilikuwa kizuri. Naswa alichukua kilemba chake, akakikung'uta kana kwamba kuna kitu kimefichwa ndani. Hakikuanguka kitu.

"Kilikuwa kimebaki kimoja kila mara," Adero alisema. "Lorine alichukua tulichomwachia. Kama kuna mkono uliochezea, ni wetu sisi tuliotangulia, au wangu. Nichunguzeni mimi. Mkoba nauacha hapa, mtu mwingine aushike kuanzia leo."

"Lakini kwa nini wa mwisho kila mara?" Naswa bado alikuwa amekunja jicho moja kwa shaka. "Alijua nini?"

Lorine aliangalia ndoo zake. Aliyejibu ni Khadijah, mwanamke kijana mwenye mtoto wa miezi mitano mgongoni.

"Mwezi wa tatu alinipisha mimi. Aliniambia nitangulie, mtoto asipigwe na jua. Nilikuwa nyuma kabisa, tukabadilishana." Akambembeleza mtoto mgongoni. "Nami nilinyamaza Jumamosi. Sijui kwa nini nilinyamaza."

"Mwezi wa nne alinipisha mimi," mwingine akasema, chini chini. "Na mguu wangu huu."

Mwezi wa tano hakuna aliyehitaji kuusema. Adero mwenyewe ndiye aliyepishwa, kwa ajili ya goti. Alikuwa ametangulia, akapata kisicho na rangi, na akasahau kabisa nani alimpa ile nafasi.

Walinyoosha mikono. Kumi walikubali Lorine abaki, na meza yake iwe yake. Naswa aliinua wa kwake baadaye, nusu, kiwiko kikiwa kiunoni.

"Nimenyoosha, lakini bado namwangalia," alisema.

"Angalia," Lorine akajibu. "Macho hayanunui samaki."

Watu walirudi kwenye biashara zao. Lorine alipanguza meza, akapanga ngege mmoja mmoja, vichwa upande mmoja. Hakutabasamu kwa mtu yeyote. Adero alimkaribia akiwa na maneno aliyoyapanga tangu Jumamosi, na yote yakampotea.

"Hata mimi nilikushuku," alisema.

"Najua, Mama. Ulifunga mafundo mawili."

"Nilifunga."

"Tena ukapita njia ya nyuma ili usinione."

Adero alisimama tu hapo, jua likimchoma kisogo, mkono mmoja ukishika goti. Mteja alikuja, akauliza bei, akaenda. Lorine alimwagia samaki maji, akanyoosha mkia wa mmoja uliopinda. Alifanya kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Kisha, bila kuinua uso, akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Adero akakaa.