Mikono Miwili ya Mahameli

Saluni yangu na cherehani ya fundi Sindano vilitenganishwa na pazia tu, tena jepesi. Ukipiga chafya huku, unaombewa afya kule. Kwa hiyo cherehani iliponyamaza ghafla mchana ule, katikati ya mshono, nilijua mwenzangu kapatwa.

"Dada," akaita. "Njoo. Peke yako."

Peke yangu wapi! Kitini nilikuwa na Mama Pacha, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama iliyoona jini. Akanifuata na kitana changu kikiwa kimechomekwa nyweleni.

Sindano alikuwa amelitundika gauni mlangoni, penye mwanga. Gauni la bibi harusi, mahameli ya kijani, harusi kesho, na shangazi yake aliyeleta kitambaa yuko njiani kulifuata. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza tangu atoke kwa yule tajiri wa karakana ya ushonaji ya barabara kuu, aliyemuaga mbele ya mafundi wote: "Nenda, mwanangu. Kiti chako hakikaliwi na mtu. Najua utarudi."

"Tazama mikono," akasema.

Mkono wa kulia ulikuwa kijani sawa na gauni. Wa kushoto ulikuwa umeiva, kijani cha kiza, kama umeazimwa kwenye gauni la mtu mwingine.

"Umeunga vitambaa viwili?"

"Kitambaa ni kimoja." Akapitisha kiganja juu yake. "Mahameli ina manyoya, kama paka. Mpapase kwenda mkiani, analala. Rudi nyuma, anasimama, na rangi inageuka. Vipande vyote vinatakiwa vitazame upande mmoja. Mimi mikono nimeilaza kichwa kwa miguu, kama watoto wawili kitanda kimoja."

Kwenye pamba ndivyo fundi yeyote anavyokata, ili kuokoa kitambaa. Na mahameli si kwamba hakuwahi kuikata. Ila kule karakana tajiri ndiye aliyechora mishale ya chaki, Sindano kazi yake kufuata na mkasi. Hapa hapakuwa na mshale, palikuwa na tamaa ya kumrudishia shangazi mtu kipande kilichobaki, aonekane fundi asiyedokoa. Na mahameli yenyewe imeletwa kutoka safarini. Mjini huipati hata kwa tambiko.

"Mwambie ndiyo mtindo," akasema Mama Pacha. "Funga mlango, washa hiyo taa yenu ya uvivu, nani ataona?"

"Ukumbi mzima utaona."

"Basi mpigie tajiri," nikasema mimi.

Akaishika simu. Kidole kikaelea juu yake, kisha kikarudi. "Akija ataniokoa. Na keshokutwa nitakuwa nimekaa kwenye kile kiti." Akajikunja juu ya stuli. "Pengine alisema kweli. Mimi si fundi, dada. Mimi ni mkasi wa mtu."

"Acha hizo! Wewe ni fundi kuliko mafundi wote wa mji huu."

"Usinipambe!" Alinikemea hadi nikashtuka. "Nimekosea. Sitaki kuambiwa sijakosea. Nataka kujua nimebakiwa na nini."

Akakivuta kile kipande alichokuwa amekihifadhi, akakitandaza, akaweka juu yake karatasi ya kipimo cha mkono. Upande ulio sahihi, kilipungua begani. Akaigeuza karatasi kichwa chini. Ikaenea. Kwa taabu, lakini ikaenea.

"Mkono wa pili ulio sawa na gauni, sipati," akasema taratibu, kama anayeongea na meza. "Wa pili ulio sawa na huu mkosefu, napata."

Hapo hapo tukasikia sauti ya shangazi mtu nje, maana yeye sauti humtangulia. Mama Pacha akalirukia gauni, akalifunika kwa khanga na kunikonyeza. Sindano akaiondoa khanga kabla shangazi hajakanyaga kizingiti. Nyuma ya shangazi alikuwa bibi harusi, macho yamemtoka.

"Hiki nini?" akauliza shangazi.

"Nimekata mkono mmoja kinyume, Shangazi."

"Umeniharibia!"

"Nimeharibu mkono. Gauni halijaharibika." Akakinyanyua kile kipande, akakigeuza kichwa chini. "Ulivyoagiza sitaweza, nisikudanganye. Ninaloweza ni kuifanya mikono yote miwili iwe ya kiza. Kitambaa kinatosha mara moja tu. Nikikosea tena, nitakuambia tena."

"Mtoto wa watu akae mbele ya wageni na viraka?"

Bibi harusi alimpita shangazi yake. Alikichukua kile kipande, akakigeuza kama alivyoonyeshwa, akajizungushia mkononi, akapita pazia hadi kwenye kioo changu. Akajitazama kutoka bega hadi kiganja.

"Shangazi," akasema kutoka huko, "mwache akate."

Sindano akachukua chaki. Akachora mshale mmoja mrefu, akaupapasa kwa kiganja, akaurudia. Kisha mkasi. Nilisikia meno yake kila yakikutana. Mama Pacha alikuwa ameniminya mkono hadi alama zake nilitembea nazo.

Mkono ulipokwisha kushonwa, bibi harusi alilivaa akasimama mlangoni. Kijani cha mwili, kiza cha mikono, pande zote sawa. Aligeuka mara mbili bila kuombwa.

Shangazi mtu hakutoa shukrani. "Nitawaambia watu wote kesho kwamba hii mikono ni makosa ya fundi."

"Waambie, Shangazi. Usisahau kuwaambia kwamba ni fundi mwenyewe aliyekuambia."

Shangazi akasonya, akasubiri livuliwe, akaondoka na gauni lake amelibeba mikono miwili, kama mtoto mchanga.

Hata vumbi lao halijatua, simu ikaita. Sauti ya tajiri tuliisikia sote. "Nasikia mahameli imekutoa jasho, mwanangu. Kiti kipo."

Nani kamwambia? Nilimtazama Mama Pacha. Mama Pacha alikuwa ghafla anapenda sana dari yangu, simu yake ikiwa bado mkononi.

Sindano alijifuta chaki kwenye paja. "Mkalishe mwingine, bosi," akasema. "Mimi leo nimechora mshale mwenyewe."