Munganga

Kwetu Bukavu daktari huitwa munganga. Nina miaka mitatu katika hospitali hii ya Mafinga, na neno hilo nilishajikataza, maana huku wengi husikia mganga wa kienyeji. Siku ile likanitoka.

Regina alikuwa na uchungu tangu asubuhi, na mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yanashuka. Mumewe, Selestini, mpasua mbao, alitakiwa asaini fomu ya operesheni. Alikuwa akimtafuta daktari kwa macho, juu ya kichwa changu.

"Mimi ndiye munganga wake," nikasema.

Akaruka nyuma. "Mganga? Mganga wa Kikongo amshike mke wangu?"

"Daktari. Nilitaka kusema daktari."

"Sista, tulia. Kupasua siyo kazi ya wanawake. Niitieni dokta mwenyewe."

Mkuu wetu, Ezekia, ameandikwa Mganga Mfawidhi mlangoni kwake na sijaona mtu akimkimbia. Lakini siku hiyo alikuwa kwenye kikao Mbeya. Regina naye, kati ya uchungu na uchungu, alisema mumewe, baba Justine, ndiye aamue.

Jailos, muuguzi wa dawa za usingizi, alikuwa amesimama mlangoni. Hasira ilinipanda, lakini mapigo ya mtoto yalikuwa yakizidi kushuka. Nikaimeza.

"Dokta ni huyu hapa," nikasema. "Dokta Jailos."

Selestini akasaini palepale.

Nilipasua mimi. Mtoto alitoka akilia, wa kiume. Regina alichomwa sindano ya mgongo tu, kwa hiyo alikuwa macho na alisikia kila nilichoamuru.

Kesho yake Selestini akamletea Jailos jogoo, na mtoto naye akaitwa Jailos. Jailos alinitazama kwa aibu, ila jogoo alimpokea. Nilipokuwa namsafisha Regina kidonda, nikangoja. Nilitaka mtu mmoja tu aseme kwamba ni mimi niliyepasua.

"Nilisikia, dokta," akaninong'oneza. "Lakini baba Justine ameshafurahi. Tumwache tu."

Nikajifungia stoo ya mashuka nikalia. Sioni haya kusema.

Jumatatu Ezekia akaniita. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba awaambie watu mimi ni nani, kwa Kiswahili kisicho na kosa. Akaniwahi.

"Umetumia busara sana, dada Nsimire. Kuanzia sasa akija mume mbishi, Jailos avae koti, wewe uingie na wauguzi. Wagonjwa hawatatukimbia."

"Na mimi niitwe nani?"

Akafikiri, kwa nia njema kabisa.

"Sista inatosha."