Waya wa Nne Unaumwa

Harithi alikuwa amekilinda chumba cha mitambo cha ofisi ile ya Nachingwea kwa miaka sita, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyegusa waya humo bila ruhusa yake. Ofisi yenyewe hupiga picha za mashamba ya mikorosho na ufuta kwa droni, kisha huwachorea wakulima ramani. Picha hizo ni nzito. Zinakaa kwenye mitambo ya kuhifadhia iliyoko jengo la nyuma, na kila jengo lina swichi yake kuu ya kuunganisha mitambo. Swichi hizo mbili ziliunganishwa kwa nyaya nne za faiba.

Nyaya zilikuwa nne, ila kila mmoja ulijitegemea. Siku picha za vijiji vya Likunja na Nkowe zilipoingia kwa pamoja, waya mmoja ulielemewa huku mwingine ukikaa bure, na wachora ramani wakabaki kutazama kiduara kikizunguka kwenye skrini. Bosi wao, Mama Gaudensia, akachoka. Akaita fundi kutoka Ruangwa.

Fundi alikuja na bodaboda, begi mgongoni, binti wa miaka ishirini na sita aitwaye Raudha.

"Shikamoo, mzee Harithi."

"Marahaba," alijibu Harithi, ingawa neno "mzee" lilimuudhi. Alikuwa na miaka arobaini na tatu.

Asubuhi nzima Raudha alichora tu kwenye daftari, akauliza kasi ya kila tundu, akapima urefu wa kila waya.

"Nataka hizi nne ziwe njia moja, zigawane mzigo," alieleza huku akizichomeka upya. "Lakini zina masharti. Kasi iwe moja, urefu ukaribiane, na zote zikae kundi moja la matundu. Tundu sifuri mpaka la saba ni kundi moja. La nane ni kundi jingine, waya ukienda huko haujiungi na wenzake."

"Unapanga nyaya kama kamati ya harusi!"

"Afadhali hii, haina michango."

Raudha alipotoka kwenda kununua ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, shetani akampitia Harithi. Alikwisha kuwatangazia wenzake kwamba binti huyu hataweza. Akachomoa waya wa nne kutoka tundu la tatu, maana hesabu inaanzia sifuri, akauchomeka la nane. Taa ya kijani ikawaka kama kawaida. Akatoka akanywe chai, roho kwatu.

Aliporudi, alimkuta Raudha mbele ya kompyuta yake, uso umekunjamana.

"Mzee Harithi, waya wa nne unaumwa."

"Unaumwa?"

"Umepigwa na baridi. Ushike kwa kiganja, hapa unapopita chini ya kabati, upate joto. Usiuachie mpaka niseme."

Harithi alijua fika kwamba faiba haiugui baridi. Lakini angesema hivyo, angeulizwa inaumwa nini basi. Akachuchumaa, akashika.

Dakika kumi. Ishirini. Magoti yakaanza kulia. Lusiana wa idara ya ramani akachungulia.

"Umepoteza nini huko chini?"

"Napasha waya."

Lusiana akaondoka, akarudi na watu watano. Nyuma yao akaja Mama Gaudensia.

"Mama, umefika wakati mzuri," alisema Raudha. "Fungua picha kubwa kuliko zote."

Mama Gaudensia akafungua ya Nanganga. Ikaanza kushuka kwenye skrini kwa kasi.

"Mzee Harithi, sasa uchomoe kabisa huo wa nne. Tuone kama hizo tatu zitabeba."

Harithi akainuka kwa shida, akapeleka mkono tundu la nane. Tupu! Akapapasa. Waya ulikuwa umetulia tundu la tatu, pamoja na wenzake.

"Umerudi huku saa ngapi?" alinong'ona.

"Kabla hujachuchumaa," Raudha akanong'ona, akiuma kalamu asicheke.

Damu ikampanda Harithi usoni. Akachomoa. Picha ikaendelea kushuka bila hata kusita, mpaka mkorosho wa mwisho. Akaurudisha waya, na kwenye skrini ukajiunga tena na fungu lake.

Wenzake wakapiga makofi. Harithi angeweza kunyamaza tu, siri ingebaki ya watu wawili. Lakini kicheko kilikuwa kinamsukuma toka tumboni, akashindwa kukizuia.

"Mama, mimi ndiye niliyeuhamisha ule waya," alisema. "Nilitaka akwame mbele yenu. Badala yake nimechuchumaa nusu saa nauguza waya mzima."

Lusiana alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Gaudensia alijaribu kukasirika, akashindwa.

"Utamwomba radhi," alisema, "halafu utakaa hapo akufundishe."

Harithi aliomba radhi, akavuta kiti. Katika jengo lile kulikuwa na swichi nyingine mbili ndogo zenye shida ile ile, Raudha akamwachia hizo. Harithi alikosea amri za kompyuta mara mbili. Mara ya tatu nyaya zote nne za swichi hizo zikatokea kwenye skrini katika mstari mmoja, naye akaita ofisi nzima ije kutazama.