Leta Wageni Yapimwa Jani Moja

Usiku wa kuamkia leo nimeota mpunga umepanga foleni nje ya maabara yetu, umejifunga kanga, unanisubiri mimi.

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, anakereka tu. Nikasema, "Jamani, leo Jumapili." Mche wa mbele ukanijibu, "Sisi hatuna Jumapili, dada. Sisi tuna kimyanga."

Niwaeleze kwanza, msije mkadhani nimerukwa na akili. Kimyanga ni ule ugonjwa unaogeuza majani ya mpunga yakawa ya manjano, mashuke yakatoka matupu, mkulima akavuna mabua. Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya kituo cha utafiti. Tunachukua jani, tunalisaga, tunatafuta katika vinasaba vyake alama inayoonyesha kwamba mbegu hiyo haishikwi na kimyanga. Yenye alama inatunzwa. Isiyo nayo inaambiwa kwaheri.

Jana mchana nilitumwa kijijini Mbasaleni kumwambia shangazi yangu Editruda kwamba mbegu yake, ile anayoiita Leta Wageni, haina alama. Nilitumwa mimi kwa sababu ni shangazi yangu. Dokta Mfikwa, mkuu wetu, alisema habari mbaya hunoga ikitoka kwa ndugu. Kijiji kizima kilishabadili mbegu kwa ushauri wetu, na Leta Wageni ilibaki kwa shangazi peke yake, debe moja, juu ya dari ya jiko. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mwanangu," akanikataza kuondoka bila kula. Nikajinyoosha mkekani nikisinzia, huku nasikia kinu kinalia uani. Baadaye nikala, nikarudi kwangu, nikalala.

Sasa turudi kwenye foleni.

Mlangoni amekaa Kimyanga mwenyewe, kwenye kiti cha plastiki. Amevaa suti ya manjano, anachokonoa meno.

"Karibu, mtaalamu," ananiambia.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasubiri majibu yenu. Wasio na alama ni wangu. Wenye alama nawapisha."

"Na nani kakuruhusu kukaa hapo?"

"Nimepewa kiti na ofisi," anasema, na kweli, nyuma ya kiti pana namba ya kituo kwa rangi nyeupe.

Nikaingia ndani nikiwa nimenuna. Mle maabara tunayo mashine ya kuzidisha vinasaba, inapasha moto, inapoza, na kila ikizunguka kilichomo kinakuwa maradufu. Dokta Mfikwa alikuwa ameketi ndani yake kama mtu aliyeketi kwenye beseni. Ikapasha, ikapoza, wakatoka Dokta wawili. Ikazunguka tena, wakatoka wanne, kisha wanane, wote wana tai, wote viatu vinang'aa, na wote wananiambia, "Endelea na kazi, Skolastika."

Nikachukua kipaza sauti. Naita, "Leta Wageni!"

Foleni nzima inasimama.

"Nimemwita mmoja," nasema.

"Leta Wageni ni sisi wote," wanajibu, na hapo ndipo naona kwamba kila mmoja ni bibi harusi, na kila mmoja ameshika pindo la kanga lililofungwa fundo. Bibi mmoja mkavu, mabua matupu, akajitokeza mbele akinitazama kama ninayenuka.

"Wewe umelelewa nyumba ile," akasema, "hujui kwamba kila mwali anayeolewa pale huja na konzi ya mbegu ya kwa mama yake? Anaimwaga kwenye kihenge cha mkwe hata kabla hajapewa maji ya kunywa. Shangazi yako kaja na yake. Mkwewe alikuja na yake. Ndani ya hilo debe tuko ukoo mzima, na hakuna anayefanana na mwenzake."

Najua, nikamwambia. Nilijua tangu nasuka nywele za mabutu. Ila kazini hakuna aliyeniuliza, na mimi nikanyamaza kama boga.

"Na aliyepimwa ni nani?"

"Yule." Akanionyesha mche mmoja mwembamba umejificha nyuma ya mlango, unalia. "Alisimama pembeni mwa shamba, karibu na barabara. Dokta wenu hakutaka viatu viguse tope."

"Jani moja linatosha!" wakasema Dokta wote wanane kwa pamoja.

Lo! Nilipandwa na hasira mpaka meno yakagongana. Nikawaambia, "Mnapima dada mmoja halafu mnafukuza ukoo!" Wakaniambia nipunguze sauti, kuna wafadhili chumba cha pili.

Mara nyuma kabisa ya foleni akainuka bibi harusi mmoja mwenye ushungi mweusi. Akapandisha mkono wa blauzi, na begani pana alama, duara dogo limebonyea kama kovu la chanjo.

Kimyanga akasimama. Akabeba kiti chake, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Huyo simwezi," akasema kwa heshima kabisa. "Mwaka juzi nilimjaribu, nikaugua tumbo mpaka mavuno."

"Dada, ingia!" napiga kelele. "Ingia ndani haraka, nikuchukue jani!"

"Nitaingiaje?" ananiuliza. "Huoni tulipo?"

Natazama. Maabara haipo. Tuko uani kwa shangazi, na ile foleni inaelekea kwenye kinu. Kila bibi harusi akifika anavua kanga yake, anaikunja vizuri, anaiweka juu ya rundo la pumba, anaingia. Wanawake wa Mbasaleni wanatwanga kwa zamu na kuimba. Shangazi Editruda amechuchumaa mbele ya sufuria, anapuliza moto.

"Shangazi, simamisha! Yupo mmoja mwenye alama!"

"Mwanangu, wageni wameshafika," ananijibu bila kugeuka. "Nawa mikono."

Kimyanga tayari alikuwa ananawa. Alijisogeza mkekani, akakunja mikono ya suti, akanishukuru mimi kwa ushirikiano. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shangazi akafinyanga tonge, akanisogezea mdomoni. Juu ya tonge, yule wa ushungi mweusi. Ananitazama mimi.

Nami nikafungua mdomo. Shangazi akikulisha kwa mkono wake, unakataaje? Nikatafuna, nikameza, na wali ulikuwa mtamu, jamani, unanukia nyumba nzima. Nilishiba. Hilo ndilo linaloniuma hata sasa ninapowasimulia.

Nikaamka kumekucha. Kitu kinanichoma kwenye ufizi, jino la nyuma. Nikakitoa kwa ukucha, nikakiweka kiganjani karibu na dirisha.

Chuya. Punje moja ya mpunga iliyoponyoka kinu na ungo ikaingia sufuriani na ganda lake. Ncha yake nyeusi tii. Na ule mche tuliouchukua jani niliuona kwa macho yangu, punje zake nyeupe mpaka nchani.

Ganda lilikuwa limepasuka kwa kuchemka, punje haioti tena. Nikampigia simu shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Skola. Mbona mapema, kwema?"

"Ile mbegu ya darini. Imebaki hata konzi moja?"

"Ibaki ya nini?" Alishangaa kwelikweli. "Si ulikuja kuniambia haina kitu? Nilitwanga yote jana, wewe umelala pale mkekani. Ule wali uliokula ulidhani wa dukani? Nikasema, kama shambani haifai, basi tumboni inafaa. Nikaita majirani wakaja kuiaga. Walikula wakashiba, wakakusifu wewe, kwamba Editruda ana mtoto msomi."

Ile punje nilikuwa nimeifumbata, inanichoma kiganja.

"Skola? Unalia nini sasa?" Akacheka kidogo, ile sauti yake ya kubembeleza watoto. "Njoo basi, mwanangu. Kiporo chako nimekufunikia."